Ngao Aliyoificha Orest

Orest Hnatiuk alifanya kazi kwenye ghala la nafaka la Stepova kwa miaka thelathini na mmoja, na katika miaka yote hiyo hakuna mkulima aliyewahi kumsikia akisema hajui. Kazi yenyewe ilimfunza hivyo. Mkulima analeta lori la ngano, Orest anachota kiganja kimoja, anaitandaza kwenye sinia, anaipekuapekua kwa kidole, kisha anatamka daraja: la kwanza, la pili, la tatu. Akisita hata kidogo mkulima anaanza kubisha, na mkulima wa huku kwetu Saskatchewan akianza kubisha hana haraka ya kwenda popote. Kwa hiyo Orest alijizoeza kutamka daraja kwa uso mkavu na sauti tulivu, hata siku ambazo ngano ilikuwa si hii wala si ile na moyoni mwake hakuwa na hakika. Mara nyingi alipatia. Alipokosea, ngano ilikuwa imeshachanganyika na nyingine humo ghalani, na hakuna aliyeweza kumshika.

Ghala lilipobomolewa akabaki nyumbani. Mkewe, Verna, alimvumilia mwezi mzima akizunguka jikoni na kumfundisha namna bora ya kupanga vikombe, halafu akamwandikisha kozi ya kompyuta kwenye maktaba ya mji wa jirani.

"Nenda," alimwambia. "Huko kuna mtu analipwa kukusikiliza."

Orest akaenda majuma sita, akarudi mtaalamu. Stepova ina watu mia na arobaini, wengi wao wamevuka sabini, na katika mji kama huo majuma sita ya kozi ni shahada kamili. Mashine ya nani haichapi, Orest. Nani amepoteza picha za wajukuu, Orest. Alikuja na mkoba wake mdogo wa nyaya, akavua viatu mlangoni, akaketi, akatazama kioo kwa muda, kisha akatamka tatizo kwa ile ile sauti ya ghalani. Watu walimpenda kwa hilo, na yeye, tuseme ukweli, alijipenda pia.

Sifa yake kubwa zaidi aliipata mwaka ule Walter Kuzyk alipovamiwa na ukurasa wa matapeli. Kompyuta ya Walter ilianza kupiga king'ora na kumtangazia kwamba imekamatwa, naye akatoka nje kwenye theluji na soksi tupu kwenda kumwita jirani. Mji ulicheka wiki nzima, halafu ukaogopa. Orest akapita nyumba kwa nyumba, nyumba kumi na moja, akiweka kile alichokiita Kufuli la Hnatiuk. Hakikuwa kitu cha ajabu. Aliingia kwenye mipangilio ya kivinjari, kile chombo cha kufungulia kurasa za mtandao, akakiamuru kikatae kila kitu ambacho ukurasa unakivuta kutoka mahali pengine. Basi.

Sasa, vivinjari vile vina alama ndogo ya ngao, pembeni mwa mstari wa anwani. Ukiibofya, unauruhusu ukurasa mmoja unaouamini uonyeshe kila kilicho chake, video na yote. Orest aliiona ngao hiyo kama mlango wa nyuma. Alimjua Walter, angeibofya siku ya kwanza. Basi akaiondoa isionekane, kwenye kompyuta zote kumi na moja, ya kwake ikiwa mojawapo. Kishikwambi cha Verna peke yake kilinusurika, kwa sababu Verna alisema atakayekigusa atajipikia mwenyewe. Tangu hapo, video zilipogoma kwenye kurasa za habari, Orest aliwaeleza watu kwamba hizo ni za matangazo tu, afadhali zigome. Miaka mitatu ikapita. Ile ngao akaisahau kabisa.

Januari hii Sonia akafariki huko Edmonton. Sonia alikuwa dada pekee wa Adeline Romaniuk, yule ambaye mji mzima tunamwita Teta, yaani shangazi, hata sisi tusio na damu moja naye. Teta Adeline ana miaka themanini na minne. Novemba alikuwa amefanyiwa upasuaji wa nyonga, na siku tatu kabla ya mazishi dhoruba ya theluji ilifunga barabara kuu upande wote wa magharibi. Hata angekuwa na nyonga ya msichana asingefika. Hawa dada wawili walikuwa hawajaonana kwa miaka sita. Walipigiana simu kila Jumapili baada ya ibada na kugombana juu ya mapishi ya mkate wa mama yao.

Darlene, binti ya Sonia, akaandika barua pepe. Ibada ya mazishi itaonyeshwa moja kwa moja kwenye ukurasa wa kampuni ya mazishi, saa nane mchana kwa saa za Stepova. Haitahifadhiwa, kwa sababu padri wao anakubali walio mbali waione ikiendelea lakini hataki mazishi yabaki mtandaoni watu wayatazame wakinywa chai. Kiungo kiko hapa chini. Na kwenye ukurasa huo huo, aliandika, kuna video fupi ya majaribio; tafadhali mwombeni mtu aijaribu mapema ahakikishe inacheza.

Teta akampelekea Orest barua ile, kisha akampigia simu.

"Orest, mwanangu, hii nitaiona kweli?"

"Utaiona, Teta. Ni kubofya tu."

"Darlene anasema tujaribu kwanza."

"Darlene ni mtu wa mjini, anaogopaogopa. Wewe tayarisha kiti chako."

Verna alikuwa akimenya viazi, akasikia. "Kwani ungeenda kujaribu ungepungukiwa nini? Ni nyumba ya nne kutoka hapa."

"Verna, nimefungua kurasa elfu."

"Hiyo moja hujaifungua," Verna alisema, akaendelea kumenya.

Siku yenyewe walikuja watu tisa. Wanawake walileta sandwichi za mayai, pirohi, yale maandazi ya kuchemsha yaliyojazwa viazi, na vipande vya keki, maana mazishi bila meza kwetu si mazishi, hata marehemu akiwa umbali wa saa sita za gari. Orest alipoingia akavua viatu mlangoni kama kawaida, na kitu cha kwanza alichokiona ni miguu ya Teta. Alikuwa amevaa viatu vyake vyeusi vya kanisani, humo ndani ya nyumba yake, juu ya zulia ambalo hajawahi kuruhusu kiatu kulikanyaga. Alivaa gauni jeusi na kitambaa kichwani. Pembeni ya kompyuta alikuwa ameweka mshumaa na picha ya wasichana wawili wamekalia gogo.

"Nimekaa karibu vya kutosha?" aliuliza.

"Umekaa vizuri, Teta."

Saa nane kasoro dakika tano Orest akafungua kiungo. Ukurasa ukaja vizuri: jina la Sonia, miaka yake, picha yake anacheka. Chini ya picha palikuwa na mstatili mweusi, na katikati ya weusi kiduara cheupe kikizunguka.

"Inapakia," Orest alisema.

Saa nane ikafika. Kiduara kikazunguka. Mwanamke mmoja aliyekuwa ameanza kufuta machozi akasita, asijue kama aendelee au angoje. Orest akafungua ukurasa upya. Mstatili, weusi, kiduara. Akafunga kivinjari, akakifungua tena. Akalichomoa lile sanduku la intaneti ukutani, akahesabu hadi thelathini, akalichomeka. Dakika sita zikaliwa hapo. Kompyuta akaizima na kuiwasha, na ikaamua kwamba leo ndiyo siku yake ya kujisasisha, asilimia moja baada ya nyingine, mbele ya watu tisa na mshumaa.

"Labda ina njaa," Walter Kuzyk alisema kutoka upande wa sandwichi.

"Walter, nyamaza," Verna akamwambia. Kisha akainama sikioni mwa mumewe. "Mpigie yule bibi wa maktaba. Glenda. Atakuelekeza kwa simu."

"Haihitajiki."

"Orest."

"Nimesema haihitajiki."

Glenda Friesen ndiye aliyemfundisha ile kozi. Wiki iliyotangulia tu Orest alikuwa amemweleza mtu, mbele ya huyo Glenda, kwamba siku hizi mambo mengine anamzidi mwalimu wake. Angempigiaje sasa, na sebule nzima inasikiliza? Jasho lilimtoka mgongoni. Alibofya hapa na pale bila mpango, afungue mipangilio, aifunge, na kila alipogeuka aliona vile viatu vyeusi vimesimama sambamba juu ya zulia, vinangoja. Alijua kwamba hajui. Ilikuwa ni kusema tu. Neno moja, sijui, na pengine Verna au Walter au yeyote yule angesema jambo la maana, au simu ingepigwa, na bado nusu ya ibada ingeonekana.

Saa nane na dakika ishirini na tano akauondoa mkono kwenye kipanya, akajinyoosha, akasema kwa sauti ya ghalani:

"Tatizo liko kwao. Hawarushi chochote. Kosa limefanyika huko huko Edmonton."

Hakuna aliyebisha. Nani angebisha? Teta Adeline alitazama kile kiduara kwa kitambo, kisha akauzima mshumaa kwa vidole.

"Basi tule," alisema. "Chakula kisipoe."

Orest alikaa na sahani yake bila kuigusa. Wanawake walimpa pole kana kwamba yeye ndiye aliyefiwa, na mmoja akamwambia amejitahidi sana. Ilipokaribia saa tisa akasema anakwenda nyumbani kuangalia kama wale watu wa Edmonton wameanza kurusha. Verna akabaki kuosha vyombo.

Nyumbani, kompyuta yake ikampa mstatili mweusi ule ule, na kwa dakika moja tamu akajiona hana hatia. Halafu akakiona kishikwambi cha Verna juu ya meza ya jikoni. Barua pepe za nyumba hiyo huingia kwenye kompyuta na kwenye kishikwambi pia. Akakifungua kiungo kwa kidole.

Kanisa lilikuwa limejaa. Sauti zilijaa jikoni ghafla, kwaya nzima, mpaka akaruka. Jeneza la mbao nyeupe, wajukuu sita wa kiume wakijipanga kulibeba, padri na chetezo. Picha safi kabisa, haikuruka wala kukwama. Orest akatazama kile kishikwambi ambacho hakuwahi kukiwekea Kufuli lake, akaitazama kompyuta yake, na hapo ndipo ngao ilipomrudia kichwani. Akakumbuka kuiondoa. Akakumbuka hata alivyocheka alipokuwa akiiondoa kwa Teta, akisema, hapa hata wewe mwenyewe hutaingia.

Ibada ilikuwa bado inaendelea. Hilo ndilo jambo. Nyumba ya nne, na kishikwambi ni chepesi kama daftari; angevaa viatu na kukimbia, dakika mbili, tatu kwa ajili ya barafu. Lakini angeingiaje na hicho kitu mkononi kinaimba, watu wakiwa na sandwichi midomoni, baada ya kusema vile? Alijiambia atavaa viatu wimbo huu ukiisha. Wimbo ukaisha. Alijiambia jeneza likishatoka.

Jeneza likatoka. Watu wakafuata, na Darlene, aliyevaa koti la kijivu, akarudi peke yake na kuisogelea kamera mpaka uso wake ukajaa pale juu ya meza ya jikoni.

"Teta Adeline," alisema, "tunajua uko hapo. Tulikuwekea kiti, angalia." Akaigeuza kamera. Mstari wa mbele palikuwa na kiti kitupu na shali ya kufuma imetandazwa juu yake. "Mama alikuulizia mpaka ile Jumatano ya mwisho. Alisema wewe ndiye ulikuwa unapatia ule mkate, si yeye. Nilimwahidi nitakwambia. Haya, tunakwenda makaburini. Nitakupigia."

Kisha kioo kikawa cheusi. Ilikuwa saa tisa na dakika saba. Orest alikifuta kishikwambi kwa kitambaa cha vyombo, mbele na nyuma, akakirudisha hasa pale alipokikuta.

Darlene alipiga simu kweli, kabla ya chakula cha jioni, na Teta hakumpa nafasi ya kufungua kinywa. Alimwambia kwamba watu wazima wameshindwa kuelekeza kamera. Darlene akasema mbona binamu aliye Victoria ameona kila kitu, mbona wameona mpaka ndugu walioko Ukraine. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kumbe walioko Ukraine wameona, na yeye, dada wa damu, amepewa kiungo kibovu? Orest, anayejua, ameshasema kosa ni lao. Basi ni makusudi, wamemlipizia ile miaka sita ya kutokwenda. Akamkatia simu.

Asubuhi iliyofuata wanaume walikuwa kwenye mkahawa, meza yao ya siku zote, na habari ilikuwa imekwisha zunguka.

"Watu wa mjini hao," Walter alisema. "Mama yake bado hajapoa, anaanza kuwabagua wakubwa."

"Pengine hawakukusudia," Orest alisema.

"Wewe una roho nzuri mno. Ulihangaika pale jasho linakutoka, nilikuona. Wao hata samahani hawajui."

Orest alikoroga kahawa yake, ambayo hatii sukari. Aliona aibu mpaka kwenye mikono. Siku nne alizunguka nayo hiyo aibu, akilala nayo na kula nayo, akimkwepa Verna ndani ya nyumba ya vyumba vitano. Mara mbili aliondoka kwenda kwa Teta, na mara mbili akapita mlango wake akaenda mpaka posta, ambako hakuwa na barua. Alijipangia maneno. Mwanzo yalikuwa maneno ya kitaalamu, ya mipangilio na usalama, ambayo ndani yake hakuna mtu aliyefanya kitu. Mambo yalijifanya yenyewe. Alipoyasikia akilini akajichukia.

Siku ya tano Teta mwenyewe akampigia.

"Njoo uniandikie barua. Vidole vyangu havibonyezi tena."

Akaenda. Akavua viatu, akaketi mbele ya ile kompyuta. Teta alikaa kando yake, safari hii ana soksi za sufu, mikono mapajani, akatoa maneno yake polepole kama mtu aliyeyakariri.

"Andika. Darlene. Mazishi ya dada yangu mmeyafanya peke yenu."

Orest akaandika.

"Na arobaini fanyeni peke yenu. Mimi sitakuja, hata barabara ikiwa wazi. Namba yangu ifute."

Orest akaandika mpaka neno barabara. Vidole vikasimama.

"Mbona umeacha?"

"Teta, hawakukosea wao."

"Usiwatetee. Andika."

"Siwatetei. Ni mimi." "Walirusha vizuri kabisa. Kompyuta yako ndiyo iliyokataa, na niliyeifunga ni mimi, mwaka ule wa Walter. Kuna kitu cha kuifungulia nikakificha, halafu nikakisahau. Nilipokwambia tatizo liko kwao nilikuwa sijui tatizo liko wapi. Nilisema tu."

Teta aliusoma ule mstari usiokwisha kwenye kioo.

"Nionyeshe," alisema hatimaye.

Orest akafungua mipangilio, akairudisha ngao mahali pake. Akafungua ukurasa wa Sonia. Picha yake akicheka, mstatili mweusi, kiduara. Akabofya ngao, akaruhusu. Bofyo moja. Ibada haikuwapo tena, lakini ile video ya majaribio ilikuwa bado ipo, na ikaanza kucheza mara moja: maua meupe kwenye chombo, kinanda kinapigwa taratibu, na maandishi yanayosema ukiyaona na kuyasikia haya, kifaa chako kiko tayari. Teta aliisogeza miwani. Akayatazama yale maua mpaka mwisho, nusu dakika nzima, kama anayetafuta mtu ndani yake.

"Ndiyo hiyo tu?" aliuliza.

"Ndiyo hiyo tu, Teta."

"Na ulijua lini?"

Angeweza kusema jana. Angeweza kusema usiku ule. "Siku ile ile. Nilipotoka hapa. Kishikwambi cha Verna kiliionyesha."

"Ilikuwa imekwisha?"

"Bado. Ilibaki kama robo saa."

Teta akamgeukia mwili mzima, na kwa ile nyonga halikuwa jambo dogo. "Nyumba ya nne," alisema. "Mimi nimekaa hapa na viatu vyangu. Kwa nini hukuja?"

"Niliona aibu."

"Uliona aibu. Ukakaa ukatazama."

"Ndiyo."

"Uliona nini?"

Akamwambia. Jeneza jeupe, wajukuu sita, kwaya. Akamwambia habari za kiti na shali, na jinsi Darlene alivyokuja mbele ya kamera, na maneno yote aliyoyasema, mpaka la mkate. Aliyasema akitazama meza. Alipofika kwenye mkate Teta alitoa sauti ndogo, akaziba mdomo kwa mkono, na kwa muda mrefu mabega yake yalikuwa yakitikisika, na Orest hakujua kama anaruhusiwa kumgusa, basi hakumgusa.

"Rangi gani?" Teta aliuliza. "Ile shali."

"Ya buluu. Ina pindo jeupe."

"Nilimfumia mimi." Akajifuta macho kwa mgongo wa mkono. "Kumbe kiti changu ulikikalia wewe, Orest."

Teta akaionyesha kompyuta kwa kidole.

"Futa hiyo barua. Halafu piga simu, uweke sauti ya wazi. Utamwambia wewe, mimi nikisikia."

Akapiga. Darlene aliitika kwa sauti ya mtu anayejiandaa kupigwa tena. Orest akajitaja, akaanza kueleza, na alipoanza kupotea kwenye mipangilio Teta aligonga meza kwa kidole mara moja, naye akarudi kwenye njia. Alisema alikosea, akadanganya, akajua, akanyamaza. Alisema aliyemsikia Darlene akizungumza na kamera ni yeye peke yake.

"Mpe simu Teta," Darlene alisema.

Akaizima sauti ya wazi, akampa. Teta akaipokea kwa mikono miwili, akampa mgongo, na neno lake la kwanza likawa jina la dada yake. Orest akasimama, akaenda kwa vidole vya miguu hadi mlangoni, akavaa koti, akafunga viatu. Huko sebuleni Teta alikuwa analia na kuzungumza kwa wakati mmoja. Halafu akasikika akibisha jambo kuhusu unga na maziwa ya moto, halafu akilia tena.

Alikuwa ameshashika kitasa alipogundua kwamba kofia yake ameiacha juu ya kiti kile alichokuwa amekalia. Aliiona kutoka pale alipo, kando ya kiwiko cha Teta. Hatua nane, pengine tisa, lakini angelazimika kupita mbele ya uso wake. Nje ilikuwa nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri na upepo unatoka kaskazini. Akafungua mlango polepole usilie, akatoka kichwa wazi, na majirani waliokuwa madirishani walimwona Orest Hnatiuk akipita nyumba nne bila kofia, hakimbii, na alipofika kwake Verna akamuuliza kofia iko wapi, naye akaketi kwenye ngazi ya mlangoni na kumweleza kila kitu, tangu ile ngao.